Waliniambia Ni Uzee

Mwaka nilipotimiza miaka sitini na mitatu, watu wanne waliniambia kwamba kinachonisumbua ni uzee. Wa kwanza alikuwa muuza dawa wa dukani. Wa pili alikuwa tabibu wa zahanati moja mjini Moshi, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Wa tatu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja. Wa nne nilikuwa mimi mwenyewe, na huyo ndiye aliyekaribia kuniua.

Sasa naweza kukaa kwenye kiti saa nzima bila kutafuta mlango uko wapi. Wewe unayeumwa tumbo unajua hiyo ni neema ya namna gani. Nakuandikia wewe. Udaktari sina, sitajifanya ninao. Nitasema yaliyonipata tu.

Naitwa Deogratias, kwetu ni Kilema. Watu huniita Baba Flora. Kwa miaka ishirini na minane nilikuwa mpishi wa mlimani. Wageni walipanda Kilimanjaro kwa miguu yao, lakini chakula kikiwashinda miguu haiendi, na chakula kilikuwa mikononi mwangu. Nimepika supu ya maboga upepo ukitaka kuondoka na hema. Nimekanda mikate mahali ambapo maji yanaganda kwenye ndoo.

Mpishi anayeharisha hapandi. Hiyo ilikuwa sheria, tena sheria nzuri. Kwa hiyo kila tumbo liliponguruma kabla ya safari, nilipita duka la dawa nikanunua antibayotiki, nikameza vidonge viwili vitatu, tumbo likitulia nikaweka vilivyobaki mfukoni kwa safari nyingine. Hakuna daktari aliyeniandikia. Wenzangu nao walifanya hivyohivyo. Tulipeana vidonge kambini kama watu wanavyopeana pipi.

Masika moja nikashuka mlimani na kifua kibaya. Nikapewa dawa kali, nikaona hainisaidii haraka, nikajiongezea nyingine, kisha nyingine. Kifua kikapona. Tumbo likafunguka, halikufunga tena.

Mwanzoni nilicheka. Nikasema nimekula kitu. Lakini mvua zikaisha, ukungu wa Juni ukashuka mpaka kwenye migomba, na mimi nilikuwa naenda chooni mara kumi kwa siku. Choo chetu kiko nyuma ya kihamba, shamba letu la migomba, ukipita kahawa. Nilikijua kijia kile kuliko nilivyojua njia ya kanisani. Kisha nikaanza kuona damu. Nilimwaga maji, nikaangalia kama imeondoka, nikarudi ndani nikamwambia mke wangu tumbo linasumbua kidogo.

Mke wangu anaitwa Restituta. Si mtu wa maneno mengi. Siku moja alinikuta natoboa mkanda wangu tundu jipya kwa msumari, la tatu tangu Pasaka. Akasimama akaniangalia.

"Baba Flora, huo mkanda utautoboa mpaka lini?"

"Mwanaume akizeeka anapungua," nikamjibu.

Jioni ile aliniwekea chakula mara mbili ya kawaida, nikala chote kwa ubishi, na chote kikaondoka kabla sijalala.

Kahawa ilipoanza kuiva, mjukuu wangu alipata kipaimara. Sherehe ilifanyika nyumbani kwetu, na jamaa wote walitegemea mimi nisimamie vyungu. Nilikuwa nimesimama kwenye sufuria la machalari ya ndizi na nyama, mwiko mkononi, wageni wamejaa uani, pombe yetu ya mbege inapita. Tumbo halikunipa hata dakika. Nilijichafua pale pale, nimevaa suruali ya kijivu ya sikukuu. Nilibaki nimesimama kama mti. Nilijua nikigeuka kila mtu ataona.

Restituta alitoka jikoni, akanitazama usoni mara moja tu. Akavua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni kama anayenifunga aproni, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Huyu mzee atajiunguza na mafuta, ngoja nimfunge." Akaniongoza kupita nyuma ya banda la ng'ombe. Alininawisha mwenyewe, kwa maji ya kunyweshea ng'ombe. Mimi nililia. Sikuwa nimelia hata nilipomzika mama. Baadaye akarudi uani akaendelea kupakua. Mpaka leo jamaa wengi wa mbali hawajui, na wakisoma hapa ndipo watajua. Wajue tu.

Baada ya siku ile nilianza kwenda mjini kutafuta matibabu. Mtu mwenye tumbo kama langu anaijua Moshi kwa vyoo vyake. Najua kituo cha mafuta ambacho choo chake hakifungwi. Najua mgahawa ambao mwenye nao atakuacha uingie bila kununua kitu, na ule ambao atakuuliza mbele ya wateja. Nilitembea na mfuko wenye suruali ya akiba, sabuni na karatasi. Kule zahanati niliingia nikasema, "Tumbo linanisumbua." Tabibu akauliza umri. Nikasema. Akasema, "Mzee, mashine ikishatumika sana..." akaniandikia antibayotiki. Nikazimeza. Nikazidi kuharibika. Magoti yakavimba, macho yakawa mekundu yanaumizwa na mwanga, na asubuhi vidole vilikataa kukunjika.

Hapo ndipo mdogo wangu Severini alipoingia na makopo yake. Severini ni mkulima wa kahawa kama sisi wote, ila mwaka ule alikuwa ameanza kuuza unga wa virutubisho kutoka nje, wa bakteria wazuri wa tumbo. Alikuja amevaa koti, akaweka kopo mezani taratibu kama padri anayeweka kikombe.

"Kaka, ni uzee," akasema. "Mtu akizeeka, bakteria wazuri wanakufa tumboni, uvimbe unawaka mwili mzima. Ndiyo maana mpaka magoti. Unatakiwa kuwarudisha. Hospitali watakukata utumbo wakuwekee mfuko ubavuni. Unataka hivyo?"

Sikutaka. Na yale aliyosema hayakuwa uongo wote, hilo nilikuja kulijua baadaye. Nikanywa unga wake asubuhi na jioni, nikaacha kwenda popote. Restituta alisema, "Shemeji, na kama si uzee?" Severini akamwambia imani haba inaharibu dawa. Waligombana mbele yangu, mimi nimelala kwenye kochi nimejikunyata, nikamuunga mkono mdogo wangu. Namwomba mke wangu radhi kwa hilo hapa pia, ingawa nyumbani nimeshamwomba.

Nilianguka nikiwa nachuma kahawa. Nakumbuka kikapu kinamwagika, matunda mekundu yanabingirika, halafu nakumbuka binti yangu Flora ananipiga mashavu. Flora ni mwalimu, anafundisha Mkuu kule Rombo, alikuwa amekuja likizo fupi. Hakuuliza mtu. Aliita gari la jirani, akanipakia, akamwambia Severini aliyekuja mbio na kopo, "Baba mdogo, shikamoo, na leo usiniambie kitu."

Hospitali kubwa waliniongezea damu siku hiyohiyo. Kisha yakaja majuma ya kusubiri: vipimo, majibu, foleni, kliniki. Kwenye benchi la kliniki ndipo nilipomfahamu Bi Mwanaidi, mama wa makamo yangu kutoka Kahe, mkulima wa mpunga, mwembamba kama mimi. Kila mara nilipoinuka kukimbilia chooni alisogeza mkoba wake akauweka mahali pangu. "Nenda kaka, nafasi yako ipo." Naye akiinuka, niliweka kofia yangu. Tulikaa hivyo asubuhi tatu bila kuulizana tunaumwa nini. Hapakuwa na haja.

Siku ya tatu, jina langu likiwa karibu kuitwa, akaniuliza, "Ukiingia mle utasemaje?"

"Nitasema tumbo linasumbua."

"Lina damu?"

Nikatazama chini. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, na hakuna mtu niliyewahi kumtajia, hata Flora, hasa Flora. Baba anamwambiaje binti yake jambo kama lile?

"Mimi nilisema tumbo, tumbo, mwaka mzima," Bi Mwanaidi akasema. "Wakanipa dawa za minyoo. Siku niliyosema damu ndiyo siku waliyoinua vichwa. Kaka yangu, daktari hawezi kuona kilicho chooni kwako Kilema. Wewe ndiye uliyekiona."

Nikaitwa. Daktari alikuwa dada mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikamjibu marahaba, nikakaa, na nikamwambia Flora atoke. Flora akakataa. Basi nikasema mbele yake. Nikasema damu, nikasema ute, nikasema mara ngapi, nikasema sherehe ya kipaimara, nikasema vidonge vya miaka yote ile mfukoni. Daktari aliacha kuandika akawa ananisikiliza. Flora alinishika mkono, mkono wenye vidole visivyokunjika, na hakuuachia.

Walinifanyia kipimo cha kamera. Siku moja kabla yake unakunywa dawa ya kuosha utumbo, maji juu ya maji, na sitakupambia: ni siku mbaya. Lakini kwa mtu ambaye ameharisha miezi sita, ilikuwa siku mbaya ya kawaida. Jibu lilipokuja, daktari alinionyesha picha. Utumbo wangu mpana ulikuwa mwekundu kama goti lililokwaruzwa, una vidonda mahali pengi.

"Kwa hiyo ni uzee," nikasema. Sijui kwa nini. Labda nilitaka asikatae.

"Mzee Deogratias," akasema, "uzee hauna vidonda. Huu ni ugonjwa, una jina na una dawa." Akaniambia kwamba ni kweli mtu akiwa mtu mzima bakteria wazuri hupungua na uvimbe huwaka kwa urahisi zaidi, na kwamba antibayotiki nilizokuwa nameza ovyo huenda zilichochea. "Lakini kuwa mtu mzima si sababu ya kuacha kutibiwa. Ni sababu ya kuwahi."

Nilitoka mle nimekasirika. Hasira ile ilikuwa afya yangu ya kwanza kurudi. Niliwakasirikia wote wanne, na nilianza na yule wa nne.

Dawa zenyewe zilikuwa na mambo yake. Mojawapo ilinivimbisha uso. Krismasi ilipofika, watu wakipanda kutoka Dar na Arusha kuja nyumbani, walikuta uso wangu mviringo kama sahani na miguu myembamba kama mipini ya majembe. "Meku, umenenepa!" wakasema, maana kwetu mzee huitwa meku. Nikawaambia ndiyo, uso tu. Sikunywa mbege. Kwetu kukataa kata ya mbege Krismasi kunahitaji moyo. Walinisihi, wakanitania, mmoja akanuna. Nikamwambia, "Kunywa yangu na yako."

Nikarudi jikoni, kwa ajili ya tumbo langu mwenyewe safari hii. Nilimwambia Restituta aniachie moto. Nilianza na uji mwepesi, kisha mtori wa ndizi mshare uliosagwa mpaka ukawa laini kama maziwa, nyama imechemka mpaka haina ubishi. Nilinunua daftari, nikaandika nilichokula na tumbo lilivyojibu. Maharage: hapana. Parachichi: kidogo. Kabichi: isahau. Wageni wa mlimani walikuwa na orodha zao, huyu hali hiki, yule hali kile, na niliwahudumia miaka ishirini na minane bila kununa. Nikaona na mimi nastahili huduma hiyo.

Nilimuuliza daktari kuhusu mtindi, maana mama yangu alitulea kwa maziwa ya kwenye kibuyu. Akacheka. "Huo nao una bakteria wazuri, mzee, hata bila kopo. Lakini subiri vidonda vitulie. Maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe. Anza na kijiko. Na usiache dawa yangu kwa sababu ya mtindi." Nilisubiri mpaka masika mengine. Tulichemsha maziwa ya ng'ombe wetu, tukagandisha, nikala kijiko kimoja nimesimama uani kama mtu anayesubiri baruti ilipuke. Haikulipuka. Wiki iliyofuata vijiko viwili. Sasa nakula kikombe kila siku na napenda kuamini kinanisaidia. Kama hakinisaidii, ni kitamu. Dawa namezea maji asubuhi, kila asubuhi.

Usidhani nilipanda tu bila kuteleza. Kipupwe cha mwaka ule damu ilirudi majuma mawili, dozi ikabadilishwa. Safari hii sikumwaga maji nikanyamaza. Nilitoka chooni moja kwa moja nikampigia Flora. Na mjini, muuza dawa aliposikia nakohoa akanyoosha mkono kwenye kile kisanduku ninachokijua, nikamwambia, "Rudisha. Kikohozi changu kitapimwa kwanza." Akaniona mkorofi. Ni kweli.

Basi ikaja siku ya jumuiya. Kwetu Wakatoliki, familia za jirani hukutana kusali nyumba kwa nyumba, na wiki ile ilikuwa zamu ya Severini. Sala ikaisha, chai ikamiminwa, Severini akasimama na kopo mkononi.

"Ndugu zangu, mnamwona kaka yangu," akasema. "Alikuwa mtu wa kufa. Alitumia hii. Mwangalieni leo."

Watu wakanigeukia. Wengine walianza kupiga makofi. Restituta alinigusa goti, sikujua ananizuia au ananisukuma. Nikasimama.

"Severini ni mdogo wangu, nampenda," nikasema. "Lakini kopo hilo halikuniponya. Nikiwa nalinywa nilianguka kwenye kahawa. Nilikuwa naharisha damu. Nasema damu. Nilijichafua kwenye kipaimara cha mjukuu wangu, nyinyi mkiwa uani mnakula. Nilinyamaza kwa aibu, nikajiambia ni uzee. Kilichoniponya ni kusema mbele ya daktari na kumeza dawa niliyoandikiwa. Kama kuna mtu hapa anaona damu, asisubiri kopo wala asisubiri uzee. Aende hospitali kesho."

Mtu mmoja akaweka kikombe chini, wote tukakisikia. Severini alikaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi nyumbani kwake, na kweli nilikuwa nimempiga. Tuliondoka bila kuagana.

Nilitegemea atakuja kugombana. Siku ya pili yake aliyekuja ni mke wake, Anjela. Alikuja na ndoo tupu, akajifanya anaomba maji, wakati bomba lao linatoa maji vizuri. Akakaa jikoni kwetu, akaikumbatia ile ndoo.

"Shemeji, yale uliyosema jana," akasema. "Mimi nina mwaka."

Restituta akaacha kuosha vyombo.

"Severini anajua?" nikauliza.

"Ananipa kopo. Nilimwambia tumbo linasumbua. Damu sikumwambia."

Kesho yake asubuhi Restituta alimpeleka. Kamera ikakuta uvimbe kwenye utumbo, mdogo bado. Daktari alisema ungeachwa mwaka mwingine angesema maneno mengine. Walimpasua, wakautoa, na hakuwekewa mfuko wowote ubavuni. Alilala wodini siku tisa.

Siku ya tano Severini alikuja kwangu. Hatukuwa tumesemeshana tangu ile jumuiya. Hakuwa na koti. Alisimama mlangoni mwa jiko, akatazama moto badala ya kunitazama mimi.

"Kaka, wamesema anaweza kuanza kula laini," akasema. "Mimi sijui laini ni nini."

Sikumwambia chochote kuhusu makopo. Nilikuwa na maneno hayo tayari, mengi, niliyapanga usiku na mchana tangu nilipoanguka. Nikayaacha. Nikamsogezea kigoda, nikampa kisu na mkungu wa mshare.

Alimenya vibaya, kama mwanaume ambaye hajawahi kumenya, akaacha nyama ya ndizi kwenye maganda. Nikaweka nyama jikoni, nikapunguza kuni, nikakaa kando yake.

"Aliumwa mwaka mzima," akasema. "Kitanda kimoja, kaka. Mwaka mzima."

"Mimi Restituta nilimficha miezi sita," nikamwambia. "Kata ndogo zaidi. Utumbo wa Anjela ni mbichi bado."

Akakata ndogo zaidi.